Mkono wa Mama Ndani ya Barafu

Kwa miaka kadhaa, kila Ijumaa asubuhi kabla ya chai, nilikuwa nikifungua kompyuta kuangalia nimetajwa mara ngapi. Sioni haya kusema. Wenzangu chuoni hujifanya hawaangalii, na ukiwakuta wameinamia skrini hubadilisha ukurasa upesi kama watu waliofumaniwa. Mimi nilikuwa naangalia waziwazi, na idadi ikipanda nampigia simu mama yangu kijijini Uroa kumpa habari.

Kazi yangu ni kuchunguza maumivu. Si kuyatibu, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, maana majirani zangu wa Malindi, hapa Mji Mkongwe, mpaka leo hupanda ngazi zangu na magoti yao wakitaka dawa. Mimi nachunguza namna mwili unavyoumia: neva inavyobeba habari kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo, na kwa nini mtu mmoja hupiga kelele pale mwenzake anaponyamaza. Ukishapata jambo unaliandika, unalipeleka kwenye jarida, linahakikiwa na watu usiowajua, na likikubaliwa linachapishwa. Halafu unasubiri. Mtafiti mwingine, pengine wa nchi ya mbali, akiandika makala yake na kukutaja kuwa kwako ndiko alikoitoa hoja fulani, hiyo inahesabiwa. Kwa hesabu hiyo watu hujua kama kazi yako imefika mahali au imeishia kabatini.

Nilipomweleza mama mambo haya mara ya kwanza, aliingia wasiwasi. Alitaka kujua hao watu wananitaja kwa heri au kwa shari, kwani kwake yeye mtu kutajwatajwa na wasiomjua si jambo la kufurahia, ni jambo la kusomewa dua. Nikamtuliza kuwa wananitaja kwa heri. Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama kila anayenitaja kweli amenisoma. Nikajibu ndiyo, tena bila kufikiri.

Mama amelima mwani tangu mimi sijaanza chuo cha Kurani. Maji yakitoka, wanawake wa Uroa huingia pwani na vigingi na kamba, wakafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa tai-tai, vile vikamba vidogo vinavyokata vidole, wameinama, chumvi magotini na jua mgongoni, mpaka maji yarudi. Kisha wanabeba mizigo iliyorowa hadi juu kuanika. Nimekulia katikati ya wanawake hao na sikumbuki hata mmoja wao kulalamika. Ukimkuta bibi anachechemea ukamwamkia, atakuitikia marahaba. Ukimuuliza hujambo, sijambo. Habari za tangu jana, njema. Na nyumbani, wote wazima. Salamu ikimalizika hivyo, umalize nawe. Nilipokuwa nchi ya baridi nikisomea udaktari wangu wa falsafa, wanawake hao ndio waliokuwa kichwani mwangu. Nilitaka kuwathibitishia walimu wangu kuwa kwetu kuna watu wenye uvumilivu ambao vitabu vyao havijauona.

Basi niliporudi, utafiti wangu wa kwanza niliufanyia kwetu. Vifaa vyangu vilikuwa vitatu: beseni la maji ya barafu, saa ya kuhesabia sekunde, na karatasi yenye nambari kutoka sifuri hadi kumi. Mtu anaingiza mkono kwenye barafu mpaka kifundoni. Anaambiwa autoe akishindwa, na asiposhindwa, dakika tatu zikitimia namwambia mimi basi, maana zaidi ya hapo si salama. Halafu ananitajia nambari: sifuri ni hakuna maumivu kabisa, kumi ni maumivu yasiyosemeka. Mwisho namuuliza kwa nambari hizohizo kuhusu mgongo wake na mikono yake ya kazini. Njia hii inatumika duniani kote na mimi nilifundishwa na mabingwa wake.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye baraza ya nyumba yetu. Barafu nilikuwa nimeitoa mjini kwenye ndoo iliyofunikwa magunia, na hilo peke yake lilitosha kuwatoa watu majumbani. Mtoto wa fulani amerudi kutoka Ulaya na anapima watu. Walijaa baraza, walijaa na chini ya baraza, na wa kwanza kukaa mbele ya beseni alikuwa mama yangu. Alivaa kanga mpya. Alisema bismillahi, akatia mkono, akaniangalia usoni kwa dakika tatu nzima bila kupepesa. Nilipomwambia basi, aliutoa, akaufuta taratibu kwa ncha ya kanga, na nilipomuuliza nambari akajibu sifuri. Watu wakacheka kwa furaha. Nilijaa fahari hadi nikakosea kuandika saa.

Waliomfuata wote walikaa mpaka mwisho. Wanawake wa mtaa mzima, wazee kwa vijana, hakuna aliyetoa mkono kabla ya kuambiwa. Nambari walizotaja zilikuwa sifuri, moja, na mbili alhamdulillahi. Kuhusu mgongo na mikono, majibu yalikuwa hayohayo, hata kwa bibi mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa havikunjuki tena.

Nikaandika. Niliandika kuwa wanawake wa pwani yetu wanaolima mwani wana uvumilivu wa maumivu usio wa kawaida, nikaeleza kwa lugha nzuri ya kitaalamu jinsi neva zinavyoweza kuzoea adha ya miaka mingi. Niliandika pia kuwa walipimwa katika mazingira yao ya kawaida, na nakuapia hiyo ilikuwa kweli tupu. Jarida kubwa likaichukua. Mwaka haukwisha ikaanza kutajwa, na ilipoanza haikusimama. Makala zangu nyingine, zile nilizozitolea jasho, zilitajwa mara moja moja kama watu wanaokupungia mkono kwa mbali. Hii ya Uroa ilinifanya nijulikane. Nilialikwa kuzungumza kwenye mikutano, na mwenyeji mmoja aliwahi kunitambulisha ukumbini kuwa mimi ndiye niliyegundua wanawake wasioumia. Nikasimama nikapigiwa makofi. Mama nilimchapishia nakala, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka kabatini pamoja na doti zake za kanga, na mgeni yeyote aliyefika nyumbani alionyeshwa, ajue kusoma asijue.

Ukafika wakati wa kuomba uprofesa. Kwetu idarani hakuwahi kutokea mwanamke kukipata cheo hicho, na mimi nilikuwa nimekitaka tangu nikiwa mwanafunzi nakaa kiti cha mbele. Fomu ilitaka orodha ya machapisho yangu yote na idadi ya kutajwa. Hilo lilikuwa jepesi. Lakini kamati ya mwaka ule ilikuwa imeongeza sharti: mwombaji achague makala kadhaa zilizomtaja na aeleze, kwa kila moja, kazi yake ilitumiwa kufanya nini. Nilinuna. Nikamwambia mkuu wa idara kuwa hesabu ni hesabu, na yeye, mzee mpole aliyenifundisha mwenyewe, akacheka na kunambia nikae nisome.

Kwa hiyo nilikaa nikasoma. Wiki ile mama alikuwa amekuja mjini kupima macho na alikuwa kwangu. Nilikaa kwenye meza yangu ya dirishani asubuhi, mama akipitapita nyuma yangu akifuta vumbi ambalo halipo, na nikaanza kuzisoma makala za watu walionitaja. Nyingi hazikuwa na neno. Zilinitaja mwanzoni, pale mwandishi anapoamkia waliomtangulia, kisha zikaenda zao. Ya tano au ya sita iliwahusu wanawake wanaoshonwa baada ya kujifungua. Mwandishi alikuwa akijadili kiasi cha dawa ya ganzi katika vituo vyenye upungufu, na akaandika kuwa kwa wanawake wa pwani kama yetu dawa inaweza kupunguzwa bila madhara makubwa, kwani imethibitishwa kuwa uvumilivu wao ni wa juu. Mwisho wa sentensi kulikuwa na jina langu.

Niliisoma mara tatu. Nimezaa mara mbili, na mara ya pili nilishonwa. Nilikumbuka sauti ya mkunga na nilikumbuka nilivyouma kanga ili wasinisikie nje. Kwetu mwanamke anayepiga kelele chumba cha uzazi husemwa mpaka mtoto anaanza skuli. Nilisimama, nikakaa tena, nikajiambia kuwa huyu mwandishi amenitumia vibaya na kosa ni lake, siyo langu. Hasira zilinipanda kwelikweli, na zote nilizielekeza kwake.

Nikaenda jikoni kunywa maji. Mama alikuwa amesimama mbele ya karo na kitambaa cha meza alichokifua. Hakuwa anakikamua. Alikuwa amekizungusha kwenye mfereji na anakivuta kwa kiwiko. Alipomaliza aliufunga mfereji kwa kigasha cha mkono. Hakujua kama nipo. Nilibaki mlangoni nikimwangalia, mimi mtaalamu wa maumivu, na ikanijia kuwa tangu afike sijamwona akishika kikombe kwa mkono mmoja.

Nikamuuliza kama mkono unamuuma. Akasema hajambo. Nikamuuliza tena, akasema alhamdulillahi, akataka kujua mchana tunakula nini.

Siku iliyofuata alirudi Uroa. Nilimbebea mkoba hadi kwenye kizingiti cha mlango wangu wa juu, pale ngazi zinapoanza. Ngazi za nyumba zetu za Mji Mkongwe ni kali, na mama husimama pale kila mara kuvuta pumzi. Tulikuwa tumeshaagana. Alikuwa ameshaniombea dua, ameshavaa makubadhi, mkono mmoja ukutani. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Ile siku ya barafu," akasema, "mkono ulikuwa unaniwaka mpaka begani. Nasoma dua moyoni unambie basi."

Nilimuuliza kwa nini hakuutoa mkono. Nilikuwa nimemwambia autoe akishindwa.

"Nishindwe mbele ya watu? Mwanangu kaja na vyombo vyake kutoka Ulaya, baraza imejaa, halafu mamaake ndo awe wa kwanza kukuharibia kazi?"

Nikamuuliza kuhusu wenzake. Alinitazama kama mtu anayemsikitikia mwanafunzi mzito.

"Wao wangetoa vipi, na mie sikutoa?"

Kisha akaanza kushuka, ngazi moja moja, akikataa nimshike. Mimi nilikaa pale kizingitini. Utafiti wangu wote ulikuwa umeshuka ngazi pamoja naye. Nilikuwa nimewaweka wanawake barazani, mbele ya majirani na wakwe zao, nikawaambia watoe mkono wakishindwa, na wa kwanza niliyemkalisha ni mamaangu mzazi, ambaye angekubali kukatwa huo mkono kuliko kuniaibisha. Baada yake hakuna mwanamke wa Uroa ambaye angethubutu kutangulia kuutoa. Na nambari zile, sifuri, moja, mbili, zilikuwa salamu. Niliwauliza hali, wakanijibu wazima, kama tunavyojibu sote. Mzungu angeweza kukosea hivyo nikamsamehe. Mimi nilizaliwa mle ndani ya salamu hizo.

Nililia, lakini nisiseme uongo, sikulia kwa huzuni tu. Nilikuwa na mama aliyeweka mkono wake kwenye barafu dakika tatu kwa ajili ya jina langu.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara na kumweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanambia, kwa upole wake uleule, kuwa kila utafiti una kasoro, kuwa sayansi hujisahihisha pole pole, na kuwa makala hii peke yake ndiyo nusu ya idadi yangu. Niombe kwanza cheo, nikishakipata niandike nyingine ya kuongezea. Alinitakia mema, na hilo najua. Lakini mimi nilikuwa na ile sentensi ya dawa ya ganzi kichwani, nikamuuliza ni wanawake wangapi washonwe bila ganzi ya kutosha mpaka mimi niitwe profesa. Nilisema kwa sauti ambayo mwanafunzi hamsemeshi mwalimu wake. Baadaye nilimwomba radhi kwa sauti ile. Maneno sikuyaombea radhi, na yeye hakutaka niyaombee.

Barua niliyoliandikia jarida ilikuwa fupi. Nilieleza nilivyowakalisha washiriki, nani alianza, na nani walikuwa wanatazama. Nikaandika kuwa nilichopima siyo maumivu, nimepima heshima, na kwamba naomba makala yangu iondolewe. Walijibu kwa mshangao, wakaniuliza kama nina hakika, kwani hakuna aliyelalamika. Nikawaambia ndiyo shida yenyewe, hakuna aliyelalamika.

Makala ikawekewa maandishi mekundu juu yake: imeondolewa. Ombi langu la uprofesa likarudi na barua ya mistari minne ya kulikataa. Kundi letu la WhatsApp la idara likakaa kimya siku mbili, kisha mmoja akatuma dua ya asubuhi na maisha yakaendelea. Yule mwandishi wa dawa ya ganzi nilimwandikia pia, nikamweleza kosa langu kabla ya lake. Alinijibu kwa adabu na akaahidi kulirekebisha, na akalirekebisha. Lakini alikiri jambo moja: makala yangu hakuwahi kuisoma yote. Alisoma muhtasari. Nilipoona hivyo nilikumbuka swali la mama na jibu langu la haraka.

Watu hudhani kipindi kile nilikuwa mnyonge. Nilikuwa na haya, ndiyo, hasa kwenye korido. Lakini kila nilipoiona ile alama nyekundu nilihisi kitu ambacho makofi ya ukumbini hayakuwahi kunipa. Nilikuwa nimeiweka mwenyewe kwa mkono wangu, na nilitembea nikijua hivyo.

Halafu nikaanza upya. Safari hii nilimchukua muuguzi wa Mkokotoni, mwanamke wa makamo asiyekuwa na ndugu wala mkwe Uroa, ili asiwepo wa kuonewa haya. Beseni nililiacha mjini. Aliingia nyumba kwa nyumba, ndani, mlango umerudishwa, mwanamke mmoja kwa wakati mmoja. Na bado kwa wiki za mwanzo alirudi na moja na mbili. Nilikuwa karibu kukata tamaa, mpaka siku moja akanambia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kuwa ajabu ya wanawake hawa ni kwamba daftari likiwa wazi hawana neno, lakini akishalifunga, akaaga, akafika mlangoni, humshika mkono na kusema: ila mwanangu, huu mgongo.

Nilipiga kofi mezani. Ni kweli, nani kwetu asiyejua? Mgeni anakaa saa nzima anazungumza habari za watu, na lililomleta hulisema akiwa ameshavaa viatu. Mama yangu mwenyewe alinifanyia hivyohivyo kwenye kizingiti changu. Basi tukaubadilisha utafiti. Muuguzi anaamkia salamu zote bila kuzikatisha, anakaa, anakunywa anachopewa, anafunga daftari, anaaga. Swali linaulizwa mlangoni, wote wawili wamesimama. Na badala ya kuanza na nambari, anaanza kwa kuuliza ni kazi gani mwenye nyumba ameiacha. Wakasema. Mmoja hakamui tena tui, ananunua la pakiti na kumficha mumewe boksi. Mmoja hawezi kufunga kilemba cha kanga, anafungwa na mwanawe. Mmoja husali ameketi na aliwaambia wenzake ni daktari aliyemkataza kusujudu. Ndipo inafuata nambari. Sita, saba, nane. Yule bibi wa vidole visivyokunjuka, aliyenipa mbili alhamdulillahi, alisema tisa, akamwomba muuguzi asiseme kwa mtu.

Mama tu ndiye hakuulizwa. Sheria ya utafiti haimruhusu mtu kumtia mzazi wake, na mara hii niliifuata sheria. Alikasirika. Alisema wenzake wote wamegongewa mlango ila yeye, kana kwamba yeye si mkulima wa mwani. Nilimweleza sababu, akasema amesikia, na hakuridhika.

Makala ya pili ilichelewa kupokewa. Majarida mawili yaliikataa, la tatu likaichukua. Haikuanza kwa kishindo kama ile ya kwanza, ilianza polepole. Lakini waliokuwa wakiitaja walikuwa wameisoma, na hilo nililijua kwa sababu waliniandikia. Muuguzi wa nchi nyingine aliniandikia kuwa hata kwao wagonjwa husema la kweli wakiwa wameshika kitasa, na kuwa sasa anawasindikiza wote hadi mlangoni. Barua hiyo niliichapisha nikaibandika ofisini. Nikaomba cheo tena. Nilipoulizwa na kamati kuhusu makala iliyoondolewa, nikawaambia ndiyo kazi yangu ninayojivunia kuliko zote, kwa sababu niliiondoa mimi. Mmoja wao alivua miwani akaipangusa. Cheo nilikipata, na mkuu wangu wa idara ndiye aliyeniletea barua, akinijia kwa miguu kutoka ofisini kwake akitabasamu kama aliyepewa yeye.

Nilikwenda Uroa na nakala ya makala ya pili. Nilimsomea mama kwa Kiswahili, nikitafsiri mstari kwa mstari, naye akawa anasema enhe, enhe, akitambua nani ni nani ingawa hakuna jina. Nilipomaliza aliuliza kwa kifupi nimeandika nini humo. Nikamwambia nimeandika kuwa mnaumia. Aliinuka akaenda kabatini, akautoa ule mfuko wa plastiki na kuitia makala mpya juu ya ile ya zamani. Nilimwambia ile ya zamani aitupe, ina makosa. Akasema haitupi, na hiyo nayo ni yangu.

Tulikula, tukasali, nikaaga. Alinisindikiza. Nilikuwa nimeshavaa viatu na mguu mmoja uko nje aliponishika mkono, kwa ile mikono yake yenye vidole vilivyopinda upande.

"Hujanuliza bado," akasema.

Nilijua anataka nini. Niligeuka nikamwamkia upya, nikamuuliza hujambo, akajibu sijambo, nikamuuliza habari za nyumbani, akasema njema. Tukazimaliza zote. Kisha nikamuuliza mkono wake, kutoka sifuri mpaka kumi, ni ngapi.

Aliutazama kwanza, akaugeuza kiganja juu.

"Nane," akasema. "Siku ile ya barafu ilikuwa kumi."

Nambari hiyo haimo kwenye makala yangu yoyote, kwa kuwa sheria hairuhusu. Naiandika hapa.